Maneno ya Bibi Haya

"Hivi mwanangu, haya maneno uliyasema kweli?"

Ndivyo jirani alivyomuuliza binti Jumapili moja asubuhi. Jirani huyu ni mshona nguo, mama mtu mzima, na siku hiyo alisimama mlangoni na gazeti mkononi, miwani imeteremka puani. Binti alisoma pale alipoonyeshwa. Kwenye katuni, Bibi Haya alikuwa akimwambia mumewe: "Mapenzi yako kama umeme wa hapa, yanakatika nikishika pasi."

Binti alicheka mpaka akashika ukuta. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, aliyomwambia mchoraji wa katuni hiyo kwenye simu Jumanne.

"Si ananipenda, mama? Mtu hakuchori bure."

Mshona nguo hakucheka. Alikunja gazeti mara nne, akarudi kwenye cherehani yake.

Binti na mchoraji walikuwa wamekutana miezi minne kabla, kwenye foleni. Zamani gazeti lile lilikuwa na ukurasa mzima wa katuni kila Jumapili, na katuni iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Bwana Nimesema, mtu mfupi mwenye tumbo, anayeamua kila jambo la nyumba kisha anamalizia, "Nimesema!" Mkewe hujibu neno moja tu: "Haya." Watu walicheka hivyo miaka na miaka. Kisha gazeti likakonda, matangazo yakala ukurasa, watu wakahamia kwenye simu, na Jumapili moja katuni haikuwepo. Hakuna aliyetangaza. Mchoraji akaenda kuchora mabango ya vinyozi.

Sasa watu wenye mvi walikuwa wakitumiana picha za vile vipande vya zamani, vimegeuka njano, wakivicheka upya na wajukuu. Gazeti likamrudisha mchoraji. Lakini michoro yake ililiwa na mchwa stoo, basi likatangaza: aliyehifadhi vipande avilete.

Mapokezi palijaa siku hiyo. Watu walikuja na makopo ya biskuti, bahasha, hata foronya. Binti alivaa gauni la kijani na kitambaa cha maua kichwani, mikono yake inanukia gundi, maana kazi yake ni kujalidi vitabu. Kifuani alikumbatia kitabu kinene, ambamo marehemu baba yake alibandika katuni zote.

"Samahani, dada, hicho kitabu umekishona wewe?"

Aligeuka. Mwanamume wa makamo, shati jeupe lililopigwa pasi, kidole kimoja cheusi kwa wino.

"Kama unataka kuruka foleni, sema tu, kaka."

"Mimi ndiye niliyezichora katuni hizo."

"Bwana Nimesema?"

"Mwenyewe. Tumbo nilimwachia yeye."

Binti akacheka. "Baba yangu alikuwa akimwambia mama 'Nimesema!'"

"Na mama anajibu 'Haya'?"

"Mama anamrushia mkasi."

Mwanamume akatoa daftari dogo mfukoni, akaandika haraka.

"Namba yangu hata sijakupa," binti akasema.

"Naandika nisisahau."

Namba aliiomba baadaye, akapewa. Kuanzia hapo, kila jioni simu iliita.

"Haloo, mwenye gundi."

"Haloo, mwenye wino. Umekula?"

"Nakula sauti yako."

"Basi utakonda, maana mimi sisemi sana."

"Ehe! Rudia hapo, kipenzi."

"Nirudie nini? Unaandika?"

"Naandika jina lako."

Binti akayeyuka. Na Jumapili Bibi Haya alikuwa na mdomo mpya, mchangamfu, na kitambaa cha maua. Gazeti likauzwa, na mji ukamtambua binti. Dukani, kwenye benki, binti akifungua mdomo tu mtu anamdakia kwa neno la Bibi Haya, wenzake wanaangua kicheko. Alianza kufikiri kwanza kabla ya kusema. Alidhani ni aibu ya kupendwa.

Kisha akamwambia mchoraji habari ya mama yake. Alimwambia kwa sauti ya chini, akilia, kwamba mama anaanza kusahau. Kwamba mvua ikinyesha anakwenda dirishani kumwita marehemu baba aingie ndani asilowe.

"Pole, mpenzi wangu," mchoraji akasema. "Anamwitaje hasa?"

Jumapili iliyofuata, kwenye katuni, mama mkwe wa Bwana Nimesema alikuwa dirishani, anamwita marehemu mumewe. Na Bwana Nimesema anajibu: "Mwache alowe, kaburini hakuna mafua!"

Binti aliiona kesho yake hospitalini alikompeleka mama, kwenye benchi. Watu wawili walikuwa wakisomeana, wakicheka. Mama yake aliwatazama, naye akacheka pamoja nao, bila kujua anacheka nini.

Binti alizima simu. Ikawa imezimwa siku kumi na mbili.

Katika siku hizo ndipo mshona nguo alipokuja na kiti chake, akakaa.

"Mke wa kwanza wa mchoraji wako alimfundisha mwanangu darasa la nne," alisema. "Hukujua? Bibi Haya alikuwa yeye. Mwalimu akisema fungueni vitabu, darasa zima linajibu, 'Hayaaa!' Akikaripia, 'Hayaaa!' Siku moja aliweka chaki mezani, akaondoka."

"Amekufa?"

"Yuko hai, kwa kaka yake. Nilimwona sokoni. Ananunua vitu kwa kunyoosha kidole, bila kutamka neno."

Binti alimwomba Mungu amwonyeshe njia usiku ule, na nadhani Mungu alikuwa ameshamjibu kwa mdomo wa jirani. Lakini tusimlaumu. Moyo si jiwe. Siku ya kumi na tatu mchoraji alitokea kwenye chumba cha kazi cha binti, mama yake akiwa amekaa kando, shati limekunjamana, macho mekundu. Alipiga magoti mbele ya mama. Mama alimshika kichwa, akamwita kwa jina la mumewe, na mchoraji akalia kweli.

"Sitamgusa tena kwa kalamu, nakuapia."

"Na mimi?"

"Wewe ni pumzi yangu. Njoo ofisini Alhamisi, saa saba. Nina jambo la kukuuliza. Kubwa."

Binti alijua ni jambo gani. Alifikiri siku tatu, akapata jibu: atakubali, kwa masharti mawili. Kazi yake haiachi. Na atakalomwambia mumewe chumbani, libaki chumbani.

Alhamisi alivaa vizuri, akapanda ngazi. Mchoraji alikuwa akizungumza na mhariri mlango wa pili. Binti akakaa kwenye kiti cha mchoraji kumngojea, na juu ya meza akauona ukurasa wa Jumapili, umeshapigwa muhuri wa kwenda mtamboni.

Bwana Nimesema ameshika pete. "Utakuwa mke wangu tena, kama mara ya kwanza! Kile kibanda cha gundi utakifunga, utakaa nyumbani. Nimesema!"

Na Bibi Haya, gundi vidoleni: "Haya."

"Ah, umeshaona!" Mchoraji alikuwa nyuma yake, anatabasamu. "Nilitaka kukushangaza. Ukurasa unafungwa saa sita, nisingeweza kungoja."

"Hujaniuliza."

"Si ndiyo nakuuliza sasa, kipenzi? Utaolewa na mimi?"

"Na nikikataa?"

"Mji mzima Jumapili utasoma umekubali." Akacheka, kwa upendo, kama mtu anayemtuliza mtoto. "Sasa kukataa kwa nini? Na mwenye chumba chako cha kazi nimeshazungumza naye. Mwisho wa mwezi anakichukua."

Binti alisimama. Akachukua mkoba wake.

"Sema basi," mchoraji akamsogelea. "Usininyamazie, mpenzi. Sema lolote, hata unitukane. Ukinitukana vizuri nitaliweka wiki ijayo."

Binti alimtazama uso mzima, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha mahali. Kisha akampita, akapita katikati ya meza za waandishi waliokuwa wameinua vichwa kumsikiliza, akashuka ngazi bila kumwachia neno hata moja la kuandika.