Msomaji wa Sura ya Mwisho

Mambo haya yalimpata fundi cherehani mmoja, mwanamke makini asiyekata kitambaa kabla ya kukipima na kukipima tena. Yalimpata mchana kweupe, watu wakipita barabarani na mizigo yao.

Kila Jumamosi, kazi ilipokwisha, alizifunika cherehani zake na kupanga viti, na chumba cha kushonea kikageuka baraza la wasomaji. Wanawake wa mtaa walikuja na riwaya zao za mapenzi na za maajabu, wakabadilishana na kuulizana ipi isomwe baada ya ipi.

"Mimi nitafutieni yenye jini," alisema Mama Miwani, mwenye duka la jirani, "lakini awe jini mwenye adabu. Yule wa juzi alikuwa anabisha hodi akiwa ameshaingia."

"Huyo si jini, shoga. Huyo ni shemeji yako," alijibu mkunga, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Baraza lilikuwa na sharti moja, na fundi ndiye aliyelibuni: hakuna amalizaye kitabu peke yake. Aliyekupendekezea riwaya ndiye atakayekusomea sura ya mwisho kwa sauti, nawe utamsikiliza ukiwa umefumba macho. Alilibuni kwa huruma. Aliona kwamba anayempeleka mwenzake kwenye machozi hana budi kuwapo ili amrudishe.

Siku hiyo mdogo wake, waliyemwita Kitinda, alikuwa hajacheka. Fundi alimlea tangu wazazi wao walipofariki, akamsomesha hadi akawa mfamasia. Mchumba wake, fundi umeme, alikuwa ameanguka kutoka juu ya nguzo akafa, harusi ikiwa imekaribia. Gauni la harusi lilikuwa lingali linaning'inia pale chumbani, halijapindwa upindo, kwa sababu fundi hakuwa na moyo wa kulimaliza wala wa kulifumua.

"Nami naomba," Kitinda alisema. "Nataka riwaya ambayo mchumba aliyekufa anarudi. Asirudi ndotoni. Arudi mwenyewe."

Mama Miwani alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. Hatimaye mkunga akamtajia riwaya ya malkia aliyeolewa na mto, naye Kitinda akashukuru kwa kichwa.

Jumamosi iliyofuata alikuja na kitabu kingine. Jalada lake lilikuwa la kijivu, halina jina la mtunzi.

"Nilikikuta juu ya kiti changu hapa, mlipokwisha kuondoka," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uso wake ulikuwa umekunjuka. "Nimefika sura ya mwisho. Aliyeniletea ajitokeze basi, anisomee."

Walitazamana. Mkunga alidhani ni Mama Miwani. Mama Miwani alidhani ni mkunga. Fundi aliwachukua mmoja mmoja pembeni na kuwauliza, na kila mmoja aliapa kwamba siye. Mlango hufungwa kwa ufunguo mmoja, nao ulikuwa shingoni mwake. Alilipindua jambo hilo huku na huku kama mtu anayetafuta uso wa kitambaa, asiupate.

Usiku ulipopita, Kitinda akiwa kazini, fundi alikichukua kile kitabu akakisoma. Kilisimulia habari za bwana harusi aliyetoka nchi ya ukungu. Kidole gumba chake kilikuwa kimeungua. Alipiga mluzi kabla ya kuingia ndani. Fundi alikijua kidole kile, akaujua na mluzi ule. Mchumba wa Kitinda alikuwa ameupiga mlangoni pake kila jioni kwa miaka mingi.

Katika sura ya mwisho bibi harusi alifumba macho, bwana akamshika mkono, wakaondoka. Sentensi ya mwisho ilisema hivi: *Na dada mtu alikuwa bado anasoma.*

Alitaka kukitia motoni. Kitinda, aliporudi, aliusoma uso wake.

"Ukikichoma, dada, nitakwenda kuutafuta mwisho wake huko huko alikotoka yule bwana."

Alisema kwa upole, naye fundi akajua kwamba hatanii. Tangu msiba mdogo wake alikuwa akila kwa kubembelezwa, akilala kwa kuchoka tu. Kumnyima mwisho kungemuua. Kumpa mwisho ule ulioandikwa pia kungemuua. Ilibaki njia moja, nayo fundi akaichagua.

"Ni mimi niliyekuletea," alisema. "Nitakusomea mimi."

Walikaa chumbani alasiri, mlango ukiwa wazi. Kitinda alifumba macho. Fundi alikifungua kitabu, asiyafuate maneno yake hata moja. Alitunga ya kwake. Alisema kwamba bwana harusi alisimama kizingitini, akamtazama mpenzi wake akiwa hai, akampenda kupita alivyompenda zamani. Kwa hiyo akageuka. Akarudi peke yake.

"Dada," Kitinda alinong'ona.

"Sikiliza kwanza, mdogo wangu."

"Mbona mnasoma wawili?"

Fundi aliangaza huku na huku. Chumbani hamkuwa na mtu mwingine. Nje muuza maji alikuwa akipita na mkokoteni wake.

"Nasoma peke yangu."

"Wewe unasema aligeuka." Kitinda alitabasamu, macho yamefumbwa. "Yeye anakusahihisha."

Fundi alikifunga kitabu kwa kishindo. Hakuna kilichobadilika. Midomo ya Kitinda ilikuwa inacheza. Alikuwa akiyarudia maneno, moja baada ya jingine, kama mtoto anayefundishwa kusoma. Yalikuwa yale yaliyoandikwa.

"Fumbua macho! Kitinda! Nitazame mimi!"

Hakufumbua. Mkono wake wa kushoto uliinuka polepole kutoka pajani. Ukabaki hewani. Vidole vikajikunja, vikashika.

Fundi akaudaka ule mwingine. Akauvuta kwa nguvu zake zote. Akaanza kusema upya, haraka haraka, kwa sauti ya kilio: aligeuka, mdogo wangu, aligeuka, akarudi, akakuacha kwangu. Alisema hivyo akarudia, akarudia tena. Alikuwa angali anasema pale Mama Miwani alipoingia, akamshika bega, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Basi, mwenzangu. Basi. Ameshakwenda."

Daktari alisema ni moyo. Huenda ni kweli. Msichana alikuwa amedhoofika, na moyo uliochoka hausubiri sababu kubwa. Fundi hakubishana naye.

Lakini kesho yake yeye na mkunga ndio waliomwosha marehemu. Walipofika kwenye mkono wa kushoto, mkunga aliuinua kwenye mwanga, akauangalia kwa muda mrefu, kisha akampa fundi aushike. Kitinda hakuwahi kuvaa pete maishani mwake. Kwenye kidole cha pete, chini ya kifundo, kulikuwa na mkanda mwembamba wa ngozi iliyopauka, laini na iliyobonyea, kama ibonyeavyo ngozi ya mwanamke aliyevaa pete ya ndoa hadi uzeeni.