Mbegu ya Siki

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Nazira aliingia kwenye kibanda cha makuti nyuma ya nyumba yao mjini Palma, akafunua kitambaa cha mtungi mkubwa na kunusa. Siki nzuri humwuma mtu puani kabla hajaionja. Kazi hiyo aliianza akiwa na miaka saba, na sasa alikuwa na kumi na miwili. Mama yake, Cadija, alitengeneza siki kwa tembo tamu la mnazi, na wapika achari wa mji mzima walikuja kwake.

Ndani ya mtungi ule mlikuwa na mbegu, yaani siki ya zamani ambayo haimalizwi. Tembo jipya humiminwa juu yake, nayo hulifanya liwe siki. Mbegu ile ilianzishwa na bibi yake Nazira, akamwachia Cadija. Nazira alijua kwamba siku moja itakuwa yake.

Ndipo akaja Amélia.

Amélia alikuwa msichana wa Mueda, huko bara. Alifika Palma mwaka ule watafiti wa gesi walipojaa mjini, akapata kazi ya kuosha chupa kambini kwao. Chupa hizo zilitiwa sampuli za maji na udongo wa chini ya bahari. Mkataba ulipokwisha, wenzake walitafuta kazi nyingine kambini. Yeye akabisha hodi kwa Cadija, akaomba afundishwe siki. Watu walicheka. Tangu lini mwosha chupa akawa fundi wa siki? Nazira alicheka kuliko wote.

Lakini kicheko kilimkauka upesi. Amélia alichemsha kila chupa, alinawa mpaka viwikoni, na kila alichofanya alikiandika.

"Siki haihitaji daftari," Nazira alimwambia. "Mama hajaandika hata siku moja."

"Mama Cadija ana miaka ishirini ya siki kichwani, mdogo wangu. Mimi nina wiki mbili tu."

"Umemsikia?" Cadija akasema. "Na tazama mikono yake ilivyo safi."

Kila sifa ilimchoma Nazira kama pilipili kidondani. Siku mama alipochota kikombe kizima cha mbegu akampa Amélia aanzishe mtungi wake, Nazira hakula chakula cha jioni. Mbegu ya bibi yake! Yeye mwenyewe hakuwahi kupewa hata kijiko.

Baada ya wiki kadhaa siki ya Amélia ikaiva. Majirani waliionja wakamsifu hadi akaona haya. Nazira alisimama pembeni, akakumbuka methali ambayo kila mtoto wa pwani anaijua: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siki yake ikiharibika, watasema hivyo juu yake, akawaza.

Alhamisi alitumwa kumpelekea Amélia nyumbani kwake sahani ya mihogo ya nazi. Amélia alikuwa amekwenda kisimani, na birika lilikuwa likichemka jikoni. Nazira alijua vizuri kwamba mbegu haivumilii moto, maana alifundishwa na mama yake. Akafunua mtungi, akamimina birika zima, akafunika, kisha akalijaza birika maji mengine. Akaiacha sahani mlangoni na kurudi nyumbani akijiona mshindi.

Ushindi wenyewe haukudumu. Jumamosi asubuhi nazi kavu ilianguka kutoka mnazi wa jirani, ikatoboa makuti yaliyochakaa, ikaupiga mtungi mkubwa. Puu! Mchanga ukainywa siki yote. Cadija alisimama katikati ya vigae huku machozi yakimtoka. Kando yake ndoo tatu za tembo lililogemwa alfajiri zilikuwa zikingoja mbegu.

"Mbegu ya mama yangu," alisema. Kisha akajifuta uso. "Alhamdulillahi, nyingine iko kwa Amélia. Chukua kikombe, mwanangu, twende."

Njia nzima Nazira alitembea nyuma ya mama yake, kikombe mkononi. Walipobisha hodi, Amélia alitoka macho yamemvimba.

"Mama, nisamehe. Mbegu uliyonipa imekufa. Tangu jana nasoma daftari nitafute nilipokosea, sipaoni. Watu walisema kweli. Mimi ni mwosha chupa tu, na kazi hii naiacha."

Hapo Nazira angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Neno alilolitamani lilikuwa limesemwa, na tena na Amélia mwenyewe. Lakini halikuwa na utamu wowote.

"Si wewe, dada!" alilia. "Ni mimi. Nilitia maji ya moto. Niliona wivu, kwa sababu mama alikupa wewe na mimi hakunipa."

Cadija alishika mdomo. "Na mtungi wangu umevunjika asubuhi hii," alisema. Amélia alimgeukia Nazira.

"Umeninyima usingizi, Nazira," alisema. "Nimejichukia bure."

Akaingia ndani, akarudi na chupa ndogo iliyofungwa kitambaa mdomoni, imebandikwa karatasi yenye tarehe.

"Kambini kila chupa ilikuwa na pacha wake. *Amostra*, tuliiita kwa Kireno, yaani sampuli. Moja ikivunjika, kazi haipotei. Siku uliyonipa kikombe, mama, nilitenga kidogo. Leo nilitaka kukurudishia, kisha niende zangu Mueda."

Cadija akafungua, akanusa. Ikamwuma puani. Akacheka huku akilia.

"Huendi popote," alisema. "Daftari lako halikukosea."

Siku ile waliigawa mbegu kwenye ndoo za tembo, na kidogo wakaitia katika chupa mbili mpya. Chupa hizo aliziosha Nazira, na mama yake alimwambia kwamba ataendelea kuosha chupa za Amélia kila siku atokapo shule. Nazira alipomaliza, akamwomba Amélia msamaha kwa mara ya pili, safari hii bila machozi, na Amélia akampa kalamu aandike tarehe.

"Sikukupa mbegu, mwanangu, kwa sababu ilikuwa yako tayari," Cadija alisema. "Lakini usisahau ulichokiona leo. Ile niliyojiwekea imenywewa na mchanga. Niliyompa mwenzangu ndiyo iliyonirudia. Ningekuwa na wivu kama wako, leo tusingekuwa na mbegu yoyote."