Matope Yasiyokauka

Nilisimuliwa haya na shangazi yangu Agneta, Desemba 2023, tukipepeta maharagwe nyumbani kwake Kiminini. Nayaandika kama alivyoyasema.

Mumewe, Wakhungu, alikuwa mchoraji. Picha zake hazikuwa na sura ya mtu wala ya mti, ni rangi tu na mikwaruzo. Kazi aliifanyia katika ghala la zamani la mahindi mjini Kitale. Brashi hakutumia, alipaka kwa kiganja cha kulia. Alishajaribu majivu, masizi, kahawa, hata oili chafu ya trekta, na watu wa Nairobi walinunua.

Mwaka mmoja alitaka udongo ambao mchoraji mwingine hajaugusa. Akaenda kwao Bungoma, kwenye kinamasi ambako wavulana wa ukoo hupakwa matope asubuhi ya kutahiriwa. Baba yake mdogo, Wangila, alimkuta akijaza ndoo.

“Hayo matope si ya kuchora. Mtu akishajipaka hiyo, kisu lazima ifuate.”

Wakhungu alicheka. “Si nilishatahiriwa, Baba? Sasa watakata nini ingine?”

Picha aliipaka siku hiyohiyo. Haikukauka. Jua la Januari liliingia ghalani wiki nzima na bado iling'aa majimaji. Matope ya kiganjani nayo hayakutoka, si kwa sabuni, si kwa mafuta ya taa. Kisha shangazi akaona mstari mwembamba umezunguka kifundo cha mkono huo, kama alama ya uzi uliokazwa.

Alimsihi ayarudishe matope kinamasini kabla hajaupoteza mkono unaowalisha. Wakhungu alisema atayarudisha maonyesho ya picha zake Nairobi yakiisha. Shangazi akaficha visu vyote vya nyumba.

Alasiri moja alimpelekea chai. Mlangoni akasikia njuga za jando. Haikuwa Agosti, mwezi wa jando. Hakuna mvulana aliyekuwa akitahiriwa. Akasukuma mlango, njuga zikanyamaza.

Wakhungu alisimama wima mbele ya picha. Mkono wa kulia ameunyoosha. Hapepesi macho.

“Usinishike, Agneta,” alinong'ona. “Nikitingisika watasema nimeogopa.”

Hakukuwa na mtu. Hakukuwa na kisu. Mstari ule ukafunguka.

Hospitalini daktari aliuliza mkono uko wapi, labda ungeunganishwa. Majirani walitafuta hadi chini ya mbao za sakafu. Hawakuupata. Picha ilikuwa imekauka kama tofali, isipokuwa alama moja katikati, ya mkono uliokunjua vidole.

Shangazi alinipa mimi picha hiyo, nimeigeuzia ukutani. Alama ile bado ni mbichi. Mara ya mwisho kuitazama, ilikuwa na kucha.

Mzee Wangila alifariki mwaka jana. Shangazi yu hai. Wakhungu yu hai, ila hachori. Kuhusu mkono, sijui niuandike upande gani, wa walio hai au wa wafu.