Nani Alikuwa Anapaka Mafuta Breki Zangu?

Nilibana breki… hakuna kitu!

Nikabana tena. Vidole vyote, mikono yote miwili.

Hakuna!

Jamani, nilikuwa katikati ya mteremko wa mawe, saa mbili asubuhi, Novemba, ukungu umetanda. Na kule chini trekta lilikuwa linavuka barabara taratibu, linavuta tela lililojaa viazi vya kutengenezea sukari…

"Tokaaaa!"

Dereva hakunisikia. Angenisikiaje na lile trekta likinguruma?

Nilikuwa na kama sekunde tatu. Kushoto ukuta wa nyumba ya watu. Kulia shamba la liki, vile vitunguu vya majani marefu. Nikakata kulia! Baiskeli ikaruka mtaro, mimi nikaruka usukani, nikatua kifudifudi kwenye tope.

Nilipoinua uso, lile tela ndiyo kwanza linapita. Palepale ambapo ningekuwa mimi.

Nilikaa kwenye tope nacheka na kulia kwa wakati mmoja. Halafu nikaacha kucheka.

Kwa sababu hii ilikuwa mara ya pili ndani ya wiki mbili.

Naitwa Liesbet. Ni muuguzi wa kuzungukia wagonjwa majumbani, hapa Ronse, Ubelgiji, na vijiji vya jirani. Nachoma sindano za sukari, nafunga vidonda, nawavalisha wazee soksi za kubana miguu. Kwa vilima vyetu na vichochoro vyetu, gari ni usumbufu mtupu. Kwa hiyo mwezi wa tisa nilinunua baiskeli ya krosi, zile za mbio za matopeni, kutoka kwa kijana mmoja aliyestaafu mashindano baada ya kuvunjika bega mara tatu.

Baiskeli ya mbio, kweli, lakini nikaamua iwe ya kazi.

Fundi wangu anaitwa Veerle. Mwanamke mfupi, mikono kama koleo, mdomo hauna breki. Alitoa yale matairi membamba yenye meno, akaweka mapana ya lami. Akafunga madigadi ya kuzuia tope, keria ya mkoba wangu wa dawa, taa mbele na nyuma, gia kubwa ya nyuma ya kupandia vilima. Mwisho akang'oa breki za waya, akaweka za mafuta. Unabana kidogo tu, mafuta yanasukuma ndani ya kijibomba, pedi zinaikamata diski, kile kisahani cha chuma kwenye gurudumu, unasimama!

"Dada, sasa hii hata ukibana kwa kidole kimoja unasimama," aliniambia. "Usibane ukiwa umezubaa, utaruka mbele."

Nyumbani ni mimi, mume wangu Bavo, na baba yake, mzee Omer, anayekaa chumba cha nyuma. Mzee alifanya kazi kiwanda cha kufuma nguo mpaka kikafungwa. Siku hizi kazi yake ni kahawa na dirisha. Hana neno na mtu.

Bavo ndiye aliyekuwa na neno.

"Lies, hiyo baiskeli itakuua siku moja," alisema siku nilipoileta.

"Itaniuaje? Nimezaliwa juu ya baiskeli!"

"Haya. Mimi nimesema."

Shikeni hapo.

Baada ya kuanguka kwenye liki, niliikokota baiskeli mpaka kwa Veerle, tope mpaka kwenye nyusi. Aliponiona hakusema pole. Aliiinua baiskeli akaitundika, akatoa gurudumu la mbele, akapitisha kidole kwenye diski.

Akanusa kidole.

Akanyamaza. Ndugu zangu, Veerle akinyamaza ujue mambo ni mazito.

"Liesbet, unapaka cheni mafuta ya kupuliza?"

"Hapana. Ya kudondosha, tone moja moja. Na diski nafunika na kitambaa, kama ulivyonifundisha."

"Umeosha na sabuni gani?"

"Maji matupu."

Akachukua taa, akaikagua breki nzima kwa nusu saa. Akabana mkono wa breki kwa nguvu zote, akaufunga na mpira, akasubiri. Akapitisha karatasi nyeupe kwenye kila kiungo. Karatasi ikatoka kavu.

"Haivuji," alisema. "Mara ile ya kwanza nilidhani inavuja, ndiyo maana nilikubadilishia pedi na kusafisha diski kwa spiriti. Haivuji! Haya siyo mafuta ya breki. Mafuta ya breki hayanuki hivi. Nusa."

Nikanusa. Harufu kama ya cherehani ya bibi yangu.

"Ni mafuta mepesi ya mashine. Na angalia, yamepakwa pande zote mbili, mbele na nyuma, yameenea vizuri. Yakirukia kutoka barabarani hayaenei hivi."

"Unamaanisha nini?"

Veerle akafuta mikono yake polepole.

"Namaanisha kuna mtu, dada. Mtu anaingia bandani kwako na kopo la mafuta."

Banda letu lina mlango mmoja tu, na unaingilia jikoni. Funguo hatuna, kwa sababu hakuna wa kumfungia.

Mtu huyo alikuwa anakula mezani kwangu!

Nilirudi nyumbani jioni na pedi mpya, diski imesafishwa inang'aa. Bavo alikuwa jikoni anamenya viazi.

"Umepatwa na nini?!"

"Nimeanguka."

"Wapi? Kwa nini?"

"Utelezi," nikasema, huku namwangalia usoni.

Akashusha pumzi. Mimi nikaiona ile pumzi. Ni ya mtu aliyefarijika… kwa nini afarijike?

"Pole, mpenzi. Kuwa mwangalifu," akasema, akarudi kwenye viazi.

Kuanzia hapo nikawa mpelelezi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Kwanza niligundua kwamba Bavo alikuwa anaomba ruhusa kazini kila Ijumaa asubuhi. Mimi sijui! Nimeambiwa na mwenzake tuliyekutana kwa mwoka mikate.

Pili, simu. Bavo hajawahi kugeuza simu yake kifudifudi mezani. Sasa anaigeuza. Siku moja alienda kumsaidia baba yake kufunga vifungo vya shati, simu ikaita kwa ujumbe. Nikaigeuza.

Namba haina jina.

"Ijumaa saa nne, tutakuwa na saa nzima. Liesbet ameshajua?"

Na jibu lake la jana yake, juu kidogo:

"Asijue kwanza. Nipe muda. Nitalimaliza mwenyewe."

Nitalimaliza mwenyewe!

Nilirudisha simu kama nilivyoikuta. Nikaenda chooni, nikafungulia bomba, nikakaa sakafuni.

Tatu, na hili ndilo lililonimaliza. Koti lake la kijani, analoning'iniza karibu na mlango wa banda, lile la bustanini. Nilikuwa natafuta mkasi wa maua mfukoni. Mkono wangu ukagusa kitu baridi.

Kopo. Dogo, mdomo mrefu mwembamba kama mdomo wa korongo.

Nikanusa.

Cherehani ya bibi!!

Wapendwa, niambieni ningefikiria nini? Miaka kumi na nne ya ndoa. Mwanaume aliyenishika mkono mama yangu alipofariki. Na hapa nina kopo mkononi na ujumbe ninaoamini ni wa mwanamke kichwani.

Nilimpigia Veerle.

"Nimelipata kopo. Lilikuwa kwenye koti la Bavo."

"Toka hapo nyumbani," alisema.

"Nataka nimwone kwa macho yangu."

"Liesbet, wewe ni mwehu? Nenda polisi!"

"Niende niseme nini? Mume wangu ana kopo la mafuta? Hapa Ronse kila nyumba ina kopo la mafuta!"

"Basi usiipande hiyo baiskeli bila kuifuta diski na kujaribu breki hapo hapo uani. Kila ukitoka! Umenisikia?"

"Nimesikia."

Siku tatu nilitoka hivyo. Kila nikitaka kupanda nafuta diski kwa spiriti, nasukuma baiskeli, nabana, inashika. Inapiga na kelele, kiii, kwa sababu ya unyevunyevu. Breki za diski zikilowa hulia, hata zikiwa nzima. Mimi ile kelele ilikuwa inanipa amani. Zikilia, najua ni safi.

Siku ya nne, Alhamisi, nilirudi saa saba mchana kama kawaida. Zamu yangu ya jioni inaanza saa kumi, kwa hiyo katikati huwa nalala. Kila mtu nyumbani anajua.

Nikapanda ngazi nikikanyaga kwa nguvu wanisikie. Nikafunga mlango wa chumbani kwa kishindo.

Halafu nikavua viatu, nikashuka na soksi.

Nilijibanza jikoni, nyuma ya friji. Mlango wa banda una kioo. Nikasubiri.

Saa nane kasoro… hakuna mtu.

Saa nane na robo nikasikia gari la Bavo uani. Saa nane na robo! Mtu anayetoka kazini saa kumi na moja!

Moyo ulipiga mpaka nikahisi friji inausikia.

Kisha hatua zikapita jikoni, mlango wa banda ukafunguliwa ukafungwa, na kwenye kioo nikaliona koti la kijani.

Mgongo. Ameinama kwenye gurudumu la mbele. Mkono wa kulia unakwenda taratibu, tone… tone… tone… kwenye diski, huku wa kushoto unazungusha gurudumu kama mtu anayembembeleza mtoto.

Nilisahau hofu yote. Nikaupiga mlango teke!

"Bavo!! Nimekukosea nini?!"

Aliyevaa koti akageuka.

Hakuwa Bavo.

Alikuwa mzee Omer. Baba mkwe wangu. Koti la mwanawe limemfika magotini, kopo mkononi, na anatabasamu.

"Shh," akasema. "Usipige kelele, binti. Yule mwanamke amelala juu. Anachoka sana, masikini."

"Baba… unafanya nini?"

"Hii mashine inalia. Kila asubuhi akitoka nasikia inalia. Mashine ikilia inaomba mafuta." Akagonga diski kwa kidole. "Kiwandani nilikuwa nazungukia mashine sitini peke yangu. Hakuna iliyolia kwenye zamu yangu."

Halafu akaniangalia vizuri, akakunja uso.

"Wewe ni wa zamu gani?"

Ndugu zangu… mimi ni muuguzi! Kila siku nakaa na wazee waliosahau majina ya watoto wao. Naijua ile sauti. Nalijua lile tabasamu la kujificha. Lakini nyumbani kwangu nilikuwa naona mzee anayependa kahawa na dirisha.

Bavo aliingia mbio na funguo za gari mkononi. Akamwona baba yake, akaniona mimi, akaliona kopo.

"Lies, naomba nikueleze."

"Eleza."

"Ana ugonjwa wa kusahau. Tangu mwezi wa saba. Ijumaa nampeleka kliniki, kuna mshauri pale, mama mmoja… kila siku ananiambia nikwambie."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Aliniapisha! Alilia, Lies. Sijawahi kumwona baba analia. Alisema, mkeo anajua hawa watu wanaishia wapi, akijua tu atanipeleka kwenye nyumba ya wazee. Ndiyo maana nikamwambia yule mama nitalimaliza mwenyewe. Leo majirani wamenipigia kazini, wamemkuta barabarani na kandambili anatafuta kiwanda. Wamemrudisha, nikaja mbio."

"Bavo. Anapaka mafuta breki zangu."

"Anapaka nini?"

"Breki. Ndiyo maana nilianguka. Trekta lilinikosa hivi!"

Akawa mweupe kama karatasi. Akashika ukuta.

"Mimi… ulisema utelezi. Nikashukuru hukugongwa na gari."

"Nilisema utelezi kwa sababu nilidhani ni wewe."

"Mimi ndiye nini?"

"Nilidhani unataka kuniua."

Sijui kama nitaweza kuwaeleza uso wake. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akanitazama kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Siku ngapi ulidhani hivyo?"

"Tisa."

"Ulikuwa unalala na mimi siku tisa unadhani nitakuua?"

Mzee Omer alikuwa ameshatukatia tamaa, anatafuta kitambaa cha kufutia kopo lake.

Tulipigana maneno jioni ile, wapendwa, msidhani tulikumbatiana. Nilimwambia amecheza na maisha yangu. Akaniambia nimemhukumu bila kumuuliza swali hata moja. Wote tulikuwa sahihi, ndiyo shida yenyewe.

Veerle alikuja mwenyewe kesho yake asubuhi kabla sijatoka. Akabadilisha pedi mara ya tatu, akafunga kufuli mlango wa banda. Halafu akamletea mzee Omer sanduku la cheni kuukuu kutoka dukani kwake, na kopo jipya.

"Mzee, hizi zote zinalia," akamwambia. "Mimi peke yangu siziwezi."

Mzee akavua kofia, akavuta kiti.

Saa nne tukaenda kliniki watu watatu. Daktari alikuwa na maswali yake: leo siku gani, mwaka gani, taja wanyama watano. Mzee alijibu mengine, mengine akayakwepa kwa utani. Mwisho daktari akanielekeza kidole.

"Na huyu ni nani?"

Mzee akaniangalia muda mrefu. Jina halikuja. Nikaona linavyomkimbia, nikaona anavyoona aibu.

Kisha akanyoosha mkono akaushika wangu.

"Jina limepotea," akasema. "Lakini huyu ndiye ambaye hatakiwi kuchoka."

Bavo akageukia dirishani.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaosoma na mashaka yenu vifuani. Ukimficha mwenzako jambo kwa nia njema, ile nafasi uliyoiacha wazi ataijaza mwenyewe. Na hataijaza na mazuri. Mimi niliijaza na mauaji.

Na wewe unayeshuku, uliza. Uliza mapema, hata kama sauti inatetemeka, hata kama unaogopa jibu. Mimi niliogopa kumuuliza mume wangu swali moja, nikaona ni rahisi zaidi kujificha nyuma ya friji.

Mimi na Bavo bado tunajifunza kuzungumza. Jana aliweka simu mezani, uso juu, akaniambia kuna jambo linamtisha.

Nikavuta kiti nikakaa.