Kiti cha Nyuma cha Pijo

Kiti cha nyuma kilikuwa na mtu. Remzi aliinamia beseni la dawa ya kusafishia picha chini ya taa nyekundu, akaona vizuri. Ile Pijo 404 iliyofia uani kwake aliipiga picha mwenyewe jana, milango imefungwa, ndani hamna hata panya. Sasa mlikuwa na mwanamke aliyepakata kitu.

"Nebila! Njoo uone! Ila usifungue mlango mpaka niitumbukize kwenye dawa ya mwisho, mwanga utaifanya nyeusi tii."

"Najua, Baba Ikram. Chumba umenipora, sheria zako nimezikariri."

Kilikuwa chumba chake cha uarusi, kidogo, hakina dirisha, kama vilivyo vya nyumba zote za zamani hapo Harar. Mumewe alikigeuza pa kusafishia picha za magari mabovu. Aliporuhusiwa kuingia, akakunja pua.

"Mbona kunanuka nywele zilizoungua?" Akaitazama picha, sauti ikashuka. "Dawa iliyochakaa uliimwaga wapi?"

"Chini ya gari."

"Ulisema bismillahi?"

"Nimpigie nani hodi, matairi?"

"Umemuunguza mtoto wa jini, Remzi," alinong'ona. "Namfuata shehe. Usisafishe nyingine, nakuomba."

Laiti angemsikia! Lakini ubishi ulikuwa ugonjwa wake. Ikram, binti yao wa miaka minne, alikuwa akicheza uani. Remzi akafunga mlango, akasafisha picha nyingine. Safari hii mwanamke alikuwa amebandika uso kiooni, na mtoto mapajani mwake alikuwa amechunika ngozi yote. Akasafisha ya tatu. Kioo kilikuwa kimeshushwa, kiti kitupu.

Nyuma yake, humo humo chumbani, mlango wa gari ukabamizwa.

Kabla hajageuka alikamatwa shingo, akabamizwa ukutani hata mabakuli ya mapambo yaliyotundikwa yakamporomokea, akainuliwa, akabamizwa tena, vidole vyake vikavunjwa kimoja kimoja kama vijiti vya kuwashia moto, na mkono wenye joto la pasi ukamshika taya ukalipinda mpaka likalia kwa ndani, na harufu ile ya nywele ikamjaa kooni.

"Wangu pia alikuwa wa miaka minne," sauti ikamwambia sikioni.

Kisha akaachiwa, akaanguka sakafuni. Karatasi moja ya picha ilikuwa imeangukia kwenye beseni la kwanza, na picha ikaanza kujitokeza: Pijo, kiti cha nyuma, Ikram. Alikuwa akipiga kioo kwa viganja, na Remzi alimsikia, mbali, kama aliye chini ya maji: "Baba! Baba, nifungulie!"

Aliichota kwa viwiko, damu ikimchuruzika, akijua kwamba ikifika dawa ya mwisho haitafutika, na isipofutika shehe anaweza kumtoa mtoto humo. Hatua mbili tu kulifikia beseni la mwisho.

"Ikram!" Nebila alikuwa amerudi, yuko nje ya mlango. "Analia nini humo?"

Usifungue, alitaka kusema. Taya halikumtii.

Mlango ukafunguka, jua la mchana likajaa chumba kizima, na kilio kikakatika. Karatasi ilikuwa nyeusi yote, isipokuwa kiganja kimoja kidogo, cheupe.

"Mtoto yuko wapi?" Nebila aliuliza. "Nimemsikia humu humu."

Remzi akaificha karatasi kwapani.