Nibo Kabisa, Mwalimu

Kataa kuamini. Kataa sasa hivi, mapema, ili baadaye usiseme Awil alikudanganya. Wanaume wenye ndevu nyingi kuliko wewe wamekaa hapo ulipokaa, wakanicheka mpaka chai ikawatoka puani, na jua lilipozama hakuna aliyetaka kwenda nyumbani peke yake.

Shule niliiacha darasa la sita. Si kwamba ilinishinda. Mimi na mwalimu wa hesabu hatukupatana, ikabidi mmoja wetu aondoke, nami nikamhurumia kwa kuwa alikuwa na watoto. Lakini chuoni nilifika! Mwaka wa tisini na saba nilikuwa mpishi katika chuo kimoja cha walimu nje kidogo ya Garissa, nikilisha walimu wa kesho mia moja na tisini, na bila uji wangu hakuna hata mmoja angeweza kunyanyua chaki. Sauti yangu nayo ilikuwa na sifa zake. Nilimwiga mkuu wa chuo mpaka Olow, mlinzi wetu, akafungua geti akipiga saluti. Nikiita kama ngamia jike, ndama wanakuja. Kweli kabisa.

Ila hadithi hii ni ya Sakariye.

Sakariye alitoka Eldas. Mrefu, mpole, mwandiko kama wa kitabu. Mchana wa joto, wenzake wakilala, yeye alikuja jikoni kunifundisha hesabu za darasa la nane, maana nilitaka kufanya mtihani kimyakimya niwashangaze watu. Alikuwa amebakiza muhula mmoja apate cheti cha ualimu. Shika hilo: muhula mmoja.

Kila asubuhi, kabla ya uji, Mwalimu Alio alisimama bwaloni na rejista. Macho yake yalikuwa yamechoka, alisoma pua ikigusa karatasi na hakuinua uso. Anaita jina, anasikia sauti, anatia alama. Asubuhi moja ya Septemba akaita:

"Sakariye Isse!"

"Nibo kabisa, mwalimu!"

Wanafunzi walicheka kidogo. Sisi huku herufi ya p inatupa taabu, 'nipo' inakuwa 'nibo', wengi wetu, isipokuwa mimi niliyekaa Eastleigh miezi mitatu. Mwalimu Alio akatia alama. Mlangoni alikuwa amesimama Mwalimu Saynab, mwanamke asiyecheka ovyo, aliyepewa kazi ya kuwaangalia wanafunzi wenye shida. Alitoka hapo moja kwa moja, akavuka uwanja pamoja na Olow kwenda kukagua vitanda vilivyovunjika bwenini.

Kitanda cha nne kutoka mlangoni, Sakariye alikuwa amelala akitazama ukuta. Midomo imepasuka. Shuka imelowa jasho.

"Warya, wewe kijana, umepita wapi?" Mwalimu Saynab aliuliza. "Nimekusikia bwaloni sasa hivi."

"Mimi, mwalimu? Sijashuka hapa tangu Jumamosi."

Mwalimu Saynab alimgeukia Olow. Olow akatazama viatu vyake.

"Na tangu lini," mwalimu akasema polepole, "wewe unasema 'kabisa'?"

Sakariye hakuwa mtu wa kusema 'kabisa'.

Mwalimu alimpeleka zahanati siku hiyohiyo. Wakasema ni malaria, wakampa vidonge na barua ya kupumzika. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kubana. Kanuni ya chuo ilikuwa wazi: mgonjwa akikosa masomo, na barua anayo, anapumzishwa, anarudi mwakani kumaliza muhula wake. Lakini rejista ilionyesha Sakariye hajakosa hata siku moja. Yupo, yupo, yupo, ukurasa mzima. Na wakati huohuo daftari zake tupu, mazoezi ya kufundisha hakwenda, mtihani wa katikati ya muhula alitoa karatasi nyeupe.

"Mgonjwa gani huyu asiyekosa?" mkuu wa chuo aliuliza. "Huyo ni mvivu. Nitamwita kwenye kikao."

Basi Mwalimu Saynab akaanza kumsaka mwenye sauti. Alimshuku Mustaf, jirani wa kitanda cha Sakariye, kijana wa Tarbaj mwenye mdomo mkubwa. Akamkalisha mbele kabisa, uso kwa uso.

"Fungua mdomo wako hata kupiga mwayo, utaniona," alimwambia.

"Wallahi mwalimu, mimi nikiitikia jina langu tu nachoka."

Jina likaitwa. "Nibo kabisa, mwalimu!" ikatoka nyuma, na Mustaf mdomo umefungwa kama mfuko wa sukari. Ungeziona sura zao! Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwamini jirani yake. Wa Mandera waliwashuku wa Wajir, wa Wajir wakawashuku wa Nairobi, wa Nairobi wakasema hawa wote ni wachawi. Nami nawapakulia uji, nikiwatania: "Leo nipike sahani ngapi, mia na tisini au na moja?"

Oktoba nikapanda lori kwenda Modogashe kuchukua mbuzi wa chuo. Tulifika salama. Usiku ule mvua ikashuka, ile mvua ya mwaka ule ambayo unaijua, na barabara ikageuka uji kuliko wangu. Siku tisa hatukusogea hata tairi moja. Niliporudi, mguu mmoja na kiatu na mwingine bila, nilikuta chuo kimenyamaza.

Mustaf alinifuata jikoni.

"Awil, walaal, ndugu yangu, umekosa mambo."

"Mambo gani?"

"Sauti." Akatazama nyuma yake. "Haijakosa hata asubuhi moja tangu uondoke."

Nilicheka. Lakini mate yalinikauka, na kwa nini yalinikauka nitakuambia nikipenda.

Akanisimulia kwa sauti ya chini, akisimama kila mtu anapopita. Kwanza ilianza harufu bwaloni, harufu ya maziwa yaliyoungua, ilhali maziwa hayakuwepo chuo kizima kwa kuwa barabara zilikatika. Kisha Sakariye akaacha kuitikia jina lake. Ukimgusa bega anageuka, ukimpa maji anakunywa, lakini ukimwita anatazama pembeni kwa adabu, kama unamwita mtu mwingine. Na siku ya saba, Mustaf akasema, na hapo kucha zake zilikuwa zimeukamata mkono wangu, Mwalimu Saynab aliwatoa wote bwaloni, wanafunzi na walimu na hata paka, akafunga madirisha kwa mkono wake mwenyewe, akamkalisha Sakariye nje kwenye mkeka mbele ya macho ya watu wote, akambakisha ndani Mwalimu Alio peke yake na rejista yake na mlango wazi ili wote waone, na Mwalimu Alio, mzee wa watu, akafungua kinywa kuita, na kabla hajafika kwenye jina la baba, kabla hata pumzi haijamwisha, sauti ikaitika kutoka chini ya meza aliyoegemea, hapo karibu na goti lake, kwa furaha, kama mtoto aliyengoja kutwa nzima aitwe:

"Nibo kabisa, mwalimu!"

Na Sakariye pale mkekani akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali kwamba mwenye jina amepatikana.

Siku hiyohiyo niliyorudi, baada ya Alasiri, Sheikh Yahye aliletwa kutoka mjini. Mzee mfupi, mkali, hana maneno ya ziada. Alisoma juu ya maji, akamnyunyizia Sakariye, akasoma tena sikioni mwake. Tulikuwa watu saba chumbani. Mimi nilishika beseni. Harufu ya maziwa yaliyoungua ikaja nzito mpaka macho yakatuwasha. Midomo ya Sakariye haikutikisika, lakini kifuani mwake kukatoka sauti.

"Nimeitwa nikaitika. Kosa langu nini?"

"Hilo jina si lako," Sheikh alisema.

"Nililikuta linaitikiwa na asiye mwenyewe. Nikajua halina mwenyewe."

"Nani alikufundisha?"

Ikacheka. Kicheko kizuri tu, cha kijana anayetania. Hicho ndicho kilichonitia baridi.

Sheikh akatugeukia. "Nisikilizeni. Mtu aliitika badala ya kijana huyu. Binadamu. Huyu mwingine alikuja baadaye, akakuta nafasi. Aliyeanza aseme hapa mbele ya watu, 'Ilikuwa mimi, si yeye.' Maneno hayo tu, na kijana atarudishiwa jibu lake."

Mustaf akamtazama Mwalimu Alio. Mwalimu Alio akamtazama Olow. Mwalimu Saynab akatutazama wote, mmoja mmoja, na machozi yamemjaa.

"Sitamfukuza mtu," alinong'ona. "Aseme tu, jamani."

Hakusema mtu. Watu waoga sana, chuo kizima.

Sheikh alisoma mpaka Magharibi. Harufu ikapungua, chumba kikawa chepesi, akakunja msala wake. "Nimemtoa humu," alisema. "Lakini ameondoka na jibu la kijana. Na sijui ameenda kwa nani."

Kikao kikawa Jumatatu. Mwalimu Saynab aliweka barua ya zahanati mezani, akapigana kama simba jike. Mkuu wa chuo akaisukuma rejista mbele yake.

"Siku arobaini na moja, yupo. Niiandikie wizara kwamba jini alihudhuria?"

"Nipe siku mbili nimpate aliyekuwa anaitika."

"Umekuwa na mwezi mzima, mwalimu."

Sakariye alifutwa. Ami yake alikuja kutoka Eldas, akamwita getini mara tatu, kisha akamshika mkono kama anavyoshikwa kipofu, wakapanda lori. Basi. Imeisha. Cheka.

Mbona huendi?

Haya. Kuna kipande nimekiruka, nawe umekinusa, naona unavyoniangalia. Dirisha la jikoni lilifungukia ndani ya bwalo, upande wa nyuma. Nilisikia mwanafunzi akikosa siku kumi na nne anafutwa. Rafiki yangu alikuwa kitandani, muhula mmoja umebaki, na mimi ndimi mwenye sauti Garissa nzima. Nikaingiza kichwa dirishani nikaitika kwa sauti ya Sakariye. Ile "kabisa" niliongeza kwa mzaha, ni yangu. Kwamba mgonjwa mwenye barua anasamehewa, sikujua. Sikuuliza. Awil aulize nini, si anajua kila kitu?

Sasa hesabu siku zile tisa nilizokuwa matopeni Modogashe.

Siku ya Sheikh maneno yalifika hapa, kwenye ulimi, nami nimeshika beseni. Nikawaza kazi yangu. Nikawaza watakavyonicheka. Siku ya kikao mimi ndiye niliyepeleka chai, nikamimina vikombe vitano bila kumwaga tone, nikafunga mlango taratibu.

Wanasema Sakariye anachunga ngamia wa ami yake, na mpaka leo anaguswa bega.

Na tangu wiki iliyopita, hooyo, mama yangu, akiniita kutoka uani, anageuka na kurudi ndani ametulia, ameshajibiwa. Mimi nimekaa chumbani, mdomo umefungwa, na maziwa yanaungua mahali ambapo hakuna moto.

Ndiyo maana nimekukalisha hapa. Ilikuwa mimi, si yeye. Umesikia, wewe ni shahidi. Sasa niite jina langu, polepole, na uitazame midomo yangu.