Kitambaa cha Kashindye

Kompyuta ilizimika yenyewe Dorotea akiwa katikati ya barua ya mteja. Alipoweka kiganja juu ya boksi la mashine, joto lilimfanya auondoe mkono upesi. Haikuwa mara ya kwanza. Mumewe, Luhaga, alikuwa ameuza ng'ombe wa urithi ili aipate kompyuta hiyo, miaka ile kila mwenye chumba mtaa wa Mabatini alipokuwa akifungua ofisi ya kuchapa, na sasa alianza kumtazama mkewe kwa jicho la pembeni. Mashine hiyo haikuugua enzi za marehemu Kashindye, mke wake wa kwanza. Dorotea alijua kwamba ikifa, ndoa yake nayo itakuwa mahututi.

Akaitwa fundi Okeyo, mtu wa Mara mwenye utani mwingi. Akapuliza vumbi na wadudu wa ziwani waliojaa kwenye feni, akapaka prosesa mafuta meupe ya kuipoza. Kisha akainua kitambaa cha kroshia kilichokuwa kikifunika mashine, alichokifuma Kashindye kabla homa haijamchukua.

"Shemeji, hii inapumua kama wewe," akasema. "Usiifunike."

Dorotea akakiweka kwenye kabati la ofisi. Kulipokucha akakikuta juu ya kompyuta, kimenyooshwa vizuri, na mashine ambayo haikuwa imewashwa ilikuwa ya moto. Akakirudisha. Asubuhi zilizofuata kitambaa alikikuta kabatini, lakini joto lilikuwa palepale, na chumba kilinuka vumbi lililoungua. Majirani wakaanza kunong'ona habari za jini. Dorotea hakutaka kusikia. Jini gani lenye ufunguo wa ofisi? Ufunguo wa pili alikuwa nao wifi yake, Odeta, dada wa Luhaga, aliyeishi nao na ambaye mpaka leo humtaja Kashindye kwa machozi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akamvizia. Alfajiri moja akamfumania ofisini, kitambaa mkononi. Luhaga aliposikia hakutaka maelezo. Akampa dada yake nauli ya kurudi kwao Misungwi. Odeta hakujitetea. Alifunga mzigo wake, na mlangoni akamsogelea Dorotea akaongea kwa sauti ya chini.

"Wifi, ulinikuta nacho. Hukuuliza kama nilikuwa nakiweka au nakitoa."

"Nilikuwa nakitoa. Kila alfajiri, nakirudisha kabatini. Mwanzo nilikikuta juu ya mashine. Juzi nilikikuta mlangoni pa chumba chenu."

Maneno ya mfukuzwa, Dorotea akajisemea. Kesho yake mashine ilikuwa baridi. Akachapa mpaka mchana bila kuzimika hata mara moja, akafurahi, akaona alifanya vyema kumfukuza yule mwanamke.

Kisha akafungua kabati, na kabati lilikuwa tupu.

Akatoka mbio kuelekea chumbani, nyuma ya ofisi, alikokuwa Luhaga amejilaza baada ya chakula, na kabla hajafika mlangoni joto likampiga usoni pamoja na ile harufu ya vumbi lililoungua, akaingia, akamwona mumewe amefunikwa gubigubi, kwa maana kitambaa kile kilichokuwa kikitosha boksi la kompyuta sasa kilimfika vidole vya miguu, na kifua chini yake kilipanda na kushuka, kikakawia, kikapanda tena.

"Luhaga," akanong'ona.

Akashika pindo la miguuni kwa mikono miwili, akavuta.

Mikono ya Luhaga haikusogea. Upande wa kichwani, kitambaa kikavutwa kurudi.